Kuhamishia coreboot kwenye mazabodi ya H61: niliyojifunza kazini

Mtu akisikia kwamba umeihamishia mazabodi programu huria ya kuwashia kompyuta, hudhani uliketi ukaandika maelfu ya mistari ya msimbo. Sehemu kubwa ya msimbo huo huwa imekwisha kuandikwa na watu wengine miaka kadhaa kabla, na anayeleta bodi mpya huachiwa kazi ya namna nyingine kabisa, nayo ni kuieleza bodi yake: waya huu unaishia wapi, chipu ile inasikiliza anwani gani, tundu lile la sauti liko mbele au nyuma. Nimeifanya kazi hiyo kwa mazabodi ya kompyuta ya mezani yenye chipseti ya Intel H61, yaani chipu inayoiunganisha prosesa na vifaa vingine vya bodi, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa fundi mwingine ayajue kabla hajashika bisibisi.

Programu ninayoizungumzia ni coreboot. Ilianza mwaka 1999 katika Maabara ya Taifa ya Los Alamos nchini Marekani, mikononi mwa Ron Minnich, kwa jina la LinuxBIOS, na jina la sasa ilipewa mwaka 2008. Huchukua nafasi ya BIOS iliyowekwa kiwandani, ingawa haifanyi yote ambayo BIOS hiyo hufanya. Huamsha prosesa, huamsha RAM, huvipa anwani vifaa vilivyomo, kisha huikabidhi kompyuta kwa programu nyingine inayoitwa mzigo, kama vile SeaBIOS au GRUB, ambayo ndiyo hutafuta diski na kuuita mfumo endeshi. Msimbo wake umepangwa kwa tabaka: kila familia ya prosesa ina saraka yake, kila chipseti ina yake, hata chipu ndogo inayohudumia kibodi na feni ina yake. Bodi huja mwisho kabisa, na saraka ya bodi ya kawaida ina faili chache tu, nyingi zikiwa fupi.

Kwa sababu ya mpangilio huo, uamuzi mkubwa kuliko yote hufanyika dukani. Kompyuta nilizokuwa nazo ziliingia Dar es Salaam baada ya kutumika maofisini huko Ulaya, nyingi zikiwa za aina moja, na hilo ndilo lililoipa kazi hii maana, kwani kitakachoifaa moja kitazifaa zote. Prosesa zake ni za Sandy Bridge, kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2011. Kizazi hicho kilitangulia Boot Guard, ulinzi ambao Intel iliuleta pamoja na prosesa za Haswell mwaka 2013. Pale mtengenezaji wa kompyuta anapouwasha ulinzi huo, alama ya ufunguo wake huchomwa ndani ya chipseti kwa fyuzi ambazo hazirudi nyuma, na tangu hapo mashine hukataa programu ya kuwashia isiyotiwa saini kwa ufunguo huo. Anayekutana na bodi ya namna hiyo atafute nyingine, asipoteze miezi.

Lipo na suala la RAM. Kuiamsha RAM ya aina ya DDR3 ni kazi ngumu kuliko zote katika uwashaji, kwa kuwa prosesa hulazimika kupima ucheleweshaji wa nyaya za data na kujirekebisha hadi isome na kuandika bila kukosea. Kwa vizazi vya baadaye Intel hutoa kazi hiyo ikiwa imefungwa ndani ya programu ambayo msimbo wake hauonekani. Kwa Sandy Bridge na kizazi kilichofuata, Ivy Bridge, wanajamii wa coreboot wamekwisha kuandika msimbo wao huria wa kuiamsha RAM, na mwenye bodi mpya huupokea bure. Kama ningelazimika kuchagua sifa moja tu ya kuangalia kabla ya kununua, ningeangalia hiyo.

Sifa nyingine niliyoitaka ni ya mikono zaidi. Programu ya kuwashia hukaa ndani ya chipu ya fleshi yenye miguu minane, na kwenye bodi yangu chipu hiyo, yenye ukubwa wa megabaiti 4, imechomekwa kwenye soketi badala ya kulehemiwa. Hung'olewa kwa ncha ya bisibisi bapa na kurudishwa bila joto lolote. Nilinunua chipu tupu za aina ileile, na ile ya asili nikaisoma, nikaifunga kwenye foili na kuiweka kando. Haijaandikwa kitu kipya hadi leo. Mwenye chipu ya asili mkononi hana sababu ya kuogopa jaribio lolote, na woga ndio unaowafanya wengi waiache kazi hii njiani. Zaidi ya hayo, chipu inapoandikwa nje ya mashine, kukatika kwa umeme hakuharibu kitu. Unasubiri urudi, unaandika tena.

Kusoma na kuandika nilikufanya kwa Raspberry Pi na programu ya flashrom. Chipu hizi hutumia volti 3.3, na hapo pana tahadhari kwa wanaonunua visomeo vya bei nafuu vyenye chipu ya CH341A: vile vya ubao mweusi vinavyouzwa kwa wingi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data hata kama waya wa umeme wenyewe una 3.3. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Nakala ya kwanza ya chipu ya asili isomwe zaidi ya mara moja, na kila nakala ipigiwe hesabu ya sha256sum, ambayo hutoa namba ileile kwa nakala zinazofanana kabisa. Zikitofautiana, basi mguso ni mbovu au waya ni mrefu mno, na hakuna nakala ya kuaminiwa kati yake.

Ndani ya megabaiti hizo 4, kilobaiti 4 za mwanzo ni maelezo ya mipaka, zinafuata takriban megabaiti 1.5 za Management Engine, yaani prosesa ndogo iliyofichwa ndani ya chipseti, na zilizobaki ndizo za BIOS. Coreboot huchukua eneo hilo la mwisho tu. Programu iitwayo ifdtool huyatenganisha maeneo hayo na kukuonyesha mipaka. Wengi huvutiwa kuianzia kazi kwa kulifuta eneo la Management Engine, kwa hoja za faragha ambazo nazielewa. Eneo hilo likifutwa lote, kompyuta ya kizazi hiki huwaka, hufanya kazi, kisha hujizima yenyewe baada ya dakika 30. Ipo programu ya me_cleaner inayolipunguza na kubakiza sehemu zinazohitajika ili mashine isijizime. Mimi nililiacha lilivyo hadi kila kitu kingine kilipokuwa kinafanya kazi, kwa sababu mashine inapogoma nataka mshukiwa awe mmoja.

Kabla BIOS ya kiwandani haijaondoka, ihoji. Huu ndio ushauri ambao ningeuweka juu ya mengine yote. BIOS hiyo inazijua nyaya zote za bodi, na mtengenezaji hatoi mchoro wake, lakini kila inachokijua huacha alama kwenye rejista za vifaa, yaani vihifadhi vidogo vya namba vilivyo ndani yake, ambazo Linux inaweza kuzisoma. Niliwasha Linux kwa kuongeza neno iomem=relaxed kwenye amri ya kuwashia, kwa kuwa bila hilo kerneli, yaani kiini cha Linux, huzuia usomaji wa rejista hizo, kisha nikakusanya matokeo ya lspci yenye namba zote, dmidecode, majedwali ya ACPI, rejista za chipseti kupitia inteltool, rejista za chipu ya Super I/O (ile inayohudumia kibodi na feni) kupitia superiotool, na mipangilio ya chipu ya sauti. Nilifanya hivyo RAM ikiwa kwenye tundu moja, kisha kwenye matundu yote mawili; skrini ikiwa kwenye VGA, kisha kwenye HDMI; mashine ikiwa imewashwa baada ya kuchomolewa umeme, kisha ikiwa imeanzishwa upya tu. Faili hizo ni nyepesi, na siku BIOS ya asili inapokuwa haipo tena kwenye mashine, ndizo zinazojibu maswali.

Kwa vizazi hivi viwili ipo programu iitwayo autoport, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ambayo huzisoma faili za namna hiyo na kukuzalia saraka nzima ya bodi. Inasaidia sana, lakini kinachotoka ni rasimu. Huandika kila ilichokiona, kiwe na maana au kisiwe nayo, na haina namna ya kujua kama thamani fulani iliwekwa na BIOS kwa ajili ya bodi au ilibadilishwa na Linux dakika tano baadaye. Kazi ya binadamu huanzia hapo.

Jambo la pembeni kwa anayelipia intaneti kwa bando: coreboot hujijengea kompaila yake yenyewe, yaani programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na hazina yake pamoja na vijihazina vyake ni mizigo mizito kupakua. Kabla ya kuijenga kompaila hiyo, sakinisha GNAT, kompaila ya lugha ya Ada, kwenye kompyuta yako, kwa sababu sehemu inayoamsha skrini, libgfxinit, imeandikwa kwa lugha hiyo, na kompaila iliyojengwa bila Ada italazimika kujengwa upya.

Ugumu halisi ulikuwa ukimya. Prosesa ya aina hii inapopata umeme husoma agizo lake la kwanza kwenye anwani 0xFFFFFFF0, baiti 16 chini ya mpaka wa gigabaiti 4, ikiwa katika hali ya zamani ya biti 16. Wakati huo RAM haijaamka, kwa hiyo coreboot huitumia kache, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, kama RAM ya muda. Skrini ni nyeusi, kibodi haina taa, sauti hakuna. Njia ya mashine kusema ni poti ya siriali, waya mmoja unaotoa herufi moja baada ya nyingine kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Bodi yangu ina pini za poti hiyo, lakini tundu lake la nje halikuja na kompyuta, nikalifuata Kariakoo kwa mzee mmoja ambaye duka lake limejaa masanduku ya nyaya ambazo wengine wameshazitupa.

“Shikamoo, mzee. Natafuta waya wa COM, wa pini kumi.”

“Marahaba. Zipo za aina mbili, mwanangu, na kwa macho zinafanana. Pima kwanza ndipo uchomeke.”

Alikuwa na hakika ya anachokisema: mpangilio wa nyaya kutoka pini kumi za bodi hadi tundu la pini tisa uko wa namna mbili, na ukichukua usiofaa hutapata herufi hata moja. Pini hizo pia hubeba volti za RS-232, kanuni ya zamani ya poti za siriali, ambazo huenda juu na chini ya sifuri kwa kiasi kinachoweza kuunguza kile kiunganishi kidogo cha USB kinachotumika kwa ruta na simu. Panahitajika kiunganishi cha RS-232 chenyewe.

Waya ukiwa sahihi na umepimwa, niliichomeka chipu yenye coreboot, nikabonyeza kitufe, feni ikazunguka, na kwenye poti ya siriali hapakuja kitu. Hapo ndipo mtu anapohitaji njia ya kutofautisha mashine iliyokufa na mashine iliyo bubu. Chipseti hizi zina poti ya ndani, 0xCF9, ambayo ukiiandikia 0x0E huianzisha mashine upya kikamilifu, hata umeme wa vifaa vingi hukatwa kwa sekunde chache. Niliuweka mstari huo mmoja mwanzoni kabisa mwa hatua ya kwanza ya coreboot, na mashine ikaanza kuzima na kuwaka, kuzima na kuwaka, feni ikisimama na kuzunguka tena. Prosesa ilikuwa hai na ilikuwa inasoma msimbo wangu. Nikausogeza mstari ule mbele kidogo, kisha mbele tena, hadi nikaupitisha mahali ambapo poti ya siriali huwashwa, na mashine bado ikaendelea kujizima na kuwaka. Kwa hiyo msimbo ulifika. Ila mdomo ulikuwa umefungwa.

Poti ya siriali kwenye bodi hii iko ndani ya chipu ya Super I/O ya Nuvoton, NCT6776, ambayo hufunguliwa kwa kuandika 0x87 mara mbili kwenye anwani 0x2E. Miguu yake mingi ina kazi zaidi ya moja, na mguu uleule unaweza kuwa poti ya siriali au pini ya kawaida ya kuingiza na kutoa, kutegemea rejista za jumla za chipu. Nililifungua faili la superiotool nililolikusanya wakati BIOS ya kiwandani ingali ndani. Programu hiyo huonyesha thamani iliyopo na, chini yake, thamani ambayo chipu huanza nayo, na kwenye rejista moja ya jumla zilikuwa hazilingani. Niliiandika thamani ya BIOS kabla ya kuiwasha poti. Mashine ilipowaka tena, herufi zikaanza kuteremka kwenye dirisha langu, mstari wa kwanza ukitaja toleo la coreboot na hatua iliyoanza. Tangu hapo kila hitilafu ilikuwa na maelezo yake, na hitilafu yenye maelezo ni kazi ya kawaida.

RAM ilinipa taabu ndogo kuliko nilivyotarajia, na sifa hiyo si yangu. Kila kijiti cha RAM kina chipu ndogo ya SPD inayotaja ukubwa na kasi yake, na kazi ya bodi ni kutaja anwani za chipu hizo. H61 huruhusu kijiti kimoja kwa kila mkondo, na kwenye bodi yangu matundu mawili yalikuwa kwenye 0x50 na 0x52. Ukitaja 0x51 badala ya 0x52, mashine itawaka vizuri na nusu ya RAM haitaonekana, nawe utadhani kijiti ni kibovu. Jaribu kila tundu peke yake, na vijiti vya watengenezaji tofauti. Matokeo ya upimaji huhifadhiwa ndani ya fleshi, ndiyo maana uwashaji wa kwanza huchukua muda zaidi kuliko unaofuata.

Mfumo endeshi ulipoamka kulibaki mambo madogo madogo ambayo mtumiaji huyaona kuliko yote. Kadi ya mtandao haikuonekana. Kwenye chipseti kuna pini za matumizi ya jumla, kila moja ikiwa na biti za kusema ni ya kuingiza au kutoa, iko juu au chini. Mojawapo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia kadi hiyo katika hali ya kuanza upya. Rasimu ya autoport iliiandika jinsi ilivyoonekana kwenye mkusanyo mmoja, na mkusanyo mwingine, ule wa baada ya kuchomoa umeme, ukaonyesha vingine. Kuwa na seti zaidi ya moja ya faili kulinilipa hapo.

Sauti inastahili maelezo kidogo, kwa kuwa ndiyo mfano bora wa ninachokiita kueleza bodi. Chipu ya sauti haijui imezungukwa na nini. Ina miguu, na kila mguu hupewa namba ya biti 32 inayousimulia. Namba 0x01014010 husema kwamba mguu huu unaenda kwenye tundu la nyuma la rangi ya kijani la kutolea sauti, 0x02214020 husema tundu la mbele la kijani la visikilizio, na 0x411111F0 ndiyo namba ya kawaida ya mguu usiounganishwa popote. Linux huyaamini maelezo hayo neno kwa neno. Yakikosekana, spika hazilii ingawa dereva, programu inayoiendesha chipu hiyo, imepakiwa bila malalamiko. Namba zote hizo zilikuwamo tayari kwenye faili za init_pin_configs, zikisubiri kunakiliwa.

Kwa upande wa skrini, faili fupi ya Ada hutaja ni matundu yapi ya skrini yaliyopo kwenye bodi. Autoport huyaorodhesha yote yanayowezekana. Mimi nilichomeka waya kwenye kila tundu, nikasoma ni lipi lililojibu, nikayafuta mengine. Feni ilikuwa ikivuma kwa kasi ya mwisho hadi nilipolifungua dirisha la anwani ambalo chipseti hulitumia kuifikia sehemu ya vipimo vya joto ndani ya Super I/O.

Kuipeleka kazi kwenye mradi wenyewe kulikuwa shule nyingine. Marekebisho hupelekwa kupitia Gerrit, mfumo wa mtandaoni wa kukagulia msimbo, yakiwa na mstari wa Signed-off-by ambao kwao unathibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo, chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Ndiyo maana ni muhimu kwamba thamani zangu zilitoka kwenye rejista za mashine, si kwenye msimbo wa BIOS ya kiwandani uliofumuliwa. Wakaguzi hawakuwa wakali, lakini swali lao lilikuwa lilelile kwa kila mstari: huu upo kwa sababu gani? Mistari mingi ya rasimu ilikuwa ikirudia thamani ambazo chipseti huanza nazo yenyewe, mingine ilihusu vifaa ambavyo bodi haina. Kila nilipojibu swali kwa uaminifu, mstari mmoja au miwili iliondoka, na saraka ikazidi kuwa fupi. Nilianza kuona fahari katika kufuta.

Pamoja na msimbo huandikwa ukurasa wa bodi, wenye orodha ya vilivyojaribiwa na visivyojaribiwa. Niliweza kuandika kwamba USB zote, SATA, mtandao, sauti ya mbele na ya nyuma, VGA, HDMI, kulala na kuamka vinafanya kazi. Poti ya printa ya zamani niliiandika kuwa haijajaribiwa. Pini zake zipo, rejista zake zimewekwa kama zilivyokuwa, ila printa ya kuichomekea bado sijaipata.